Kaseti Niliyoifuta

Dada yangu alipolazwa hospitali ya Longisa, kule Bomet, kwa mara ya tatu, moyo ulikuwa umemchosha kiasi kwamba hakuweza kuvuka wodi bila kushikwa mkono. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa kuimba tangu anapowasha moto asubuhi. Hakulalamikia sindano wala chakula. Alilalamikia ugeni wa sauti.

"Nikifunga macho sijui niko wapi," aliniambia. "Niletee sauti za nyumbani."

Kaka yetu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuwa amemletea redio ndogo ya kaseti, ile ya kuning'iniza kwenye mshipi na kusikiliza kwa spika za masikioni. Ilikuja bila kaseti hata moja. Nyumbani kwetu, karibu na Sosiot, tulikuwa nazo za kujaza debe zima la biskuti, lakini muuguzi alishanionya nisijaze kile kikabati cha kitandani. Nikaamua nichague nyimbo anazozipenda nizirekodi kwenye kaseti mbili, na ya tatu iwe kaseti ya Mama.

Mama hakujua kuandika. Dada alipokuwa chuo cha ualimu, Mama alikaa mbele ya redio ya Baba akasema barua yake yote kwa Kipsigis, lugha yetu, upande mmoja mzima wa kaseti, akampa jirani aliyekuwa akienda huko. Dada aliirudisha likizoni. Miaka miwili baadaye Mama akafariki. Wiki ile ile ya mazishi Baba alichukua ncha ya kisu akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili redio yoyote isikubali kurekodi juu yake.

"Hii sasa ni ya kusikiliza tu," alisema.

Betri za nyumbani zilikuwa zimekufa siku hiyo, kwa hiyo nilichagua kwa kusoma maandishi ya vifuniko, maana kaseti zenyewe hazikuandikwa kitu. Kifuniko chenye jina la Mama, na kaseti ndani yake, nilikitia mfukoni. Kaseti ya mahubiri ya mhubiri mmoja mgeni, ambayo hakuna aliyeisikiliza kwa miaka, niliichukua kama akiba. Nyingine nikazifunga kwenye leso, nikashuka hadi madukani Kapsoit.

Pale palikuwa na mzee kutoka Nyeri, mwenye mvi, aliyeuza redio na kurekodia watu nyimbo kwenye mashine ya kaseti mbili. Alinipokea vizuri, kisha akatikisa kichwa.

"Kairitu, msichana wangu, kaseti tupu imebaki moja tu. Mzigo utaingia wiki ijayo."

Nilimpa ile ya mahubiri. Aliigeuza, akapapasa mgongo wake kwa kidole gumba.

"Hii mwenyewe aliifunga. Una hakika?"

"Ni mahubiri ya zamani, mzee."

"Tuisikilize kidogo kwanza?"

"Nitakosa gari la Bomet."

Nilisema hivyo. Hakuna mtu mwingine aliyesema. Mzee alikunja karatasi ya sigara, akaziba yale matundu mawili, akabonyeza. Nikakaa kwenye kreti la soda nikisikiliza kwaya ya kanisa letu, nikifurahi jinsi ilivyotoka safi.

Nilifika Longisa saa ya kuona wagonjwa ikikaribia kwisha. Dada alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, midomo imekauka. Hakugusa nyimbo. Aliomba ya Mama kwanza. Alipachika spika masikioni, akafumba macho, na nikaona uso wake ukingoja, ukingoja, halafu ukashuka.

"Hii ni harusi ya shangazi," alisema.

Tuligeuza upande wa pili. Harusi vilevile. Nilichukua ile kaseti ya mahubiri, nikaitia mwenyewe, nikasikia kwaya. Nikaisogeza mbele, kwaya. Karibu na mwisho wa upande nyimbo zilikatika, pakawa na mkwaruzo, kisha sauti ya Mama ikaingia katikati ya sentensi: "...na hiyo sweta uivae, usiwape watu. Basi, baba yako ananionyesha kwa mkono kwamba inaisha. Kongoi, asante." Halafu kimya.

Kumbe aliyepangua debe, nani sijui, labda mimi mwenyewe siku ya kufagia, alikuwa amebadilisha vifuniko.

Nilimvalisha dada zile spika, nikarudisha nyuma kidogo, nikamwacha asikie. Aliposikia alinitazama, akaelewa yote kwa mara moja, kwa sababu alinijua. Alilia bila sauti, huku akishika kifua, na mimi niliogopa kwamba nimemuua.

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza kwanza," alisema. "Nyamaza, nisikie tena."

Aliirudia mara nne. Muuguzi alipokuja kunitoa, dada alinishika kidole. "Baba anajua?"

"Bado."

"Usimwambie. Wiki ijayo lete redio yake kubwa. Na betri mpya."

Nilimwomba Baba redio, nikamdanganya kwamba dada anataka kusikia salamu za idhaa ya lugha yetu. Siku hiyo wodi ilikuwa tulivu. Dada alikuwa amevimba miguu na alizungumza kwa vipande, lakini aliniamuru niiweke redio juu ya mapaja yake, nitie kaseti mpya na nibonyeze kitufe cha kurekodi. Kisha akaanza kuisema barua ya Mama. Chuoni aliisikiliza kila Jumapili, aliijua yote: ng'ombe mwekundu aliyezaa ndama jike, mvua ya mawe iliyochana majani ya chai yetu, jirani aliyeazima jembe akarudisha mpini, sala ndefu ya mwisho. Mahali Mama alipokuwa akicheka, na yeye alicheka. Alipochoka nilisimamisha, akapumua, tukaendelea. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mama mmoja wa Mulot, alijibu "ee" mahali panapostahili, kama aliyeandikiwa.

"Si yeye," dada alisema tulipomaliza. "Lakini maneno ni yake."

Dada alifariki baada ya siku kumi na moja. Sikuwepo. Kaka ndiye aliyepigiwa simu, akaja nyumbani akasimama mlangoni, na Baba akajua kabla hajafungua mdomo.

Nilimwambia Baba ukweli jioni ya siku ya tatu baada ya mazishi, wageni walipokuwa wameondoka. Nilipiga magoti. Nilimweleza vifuniko, Kapsoit, karatasi ya sigara, na jinsi mzee alivyoniuliza mara mbili. Hakunikemea. Laiti angenikemea. Aliuliza tu, "Ziko wapi?" Nikampa kaseti zote mbili, ile ya dada na ile yenye mabaki ya Mama.

Alisikiliza ya dada hadi kwenye habari ya ng'ombe mwekundu, akazima.

"Zilizobaki nitasikia siku nyingine," alisema.

Kesho yake ilikuwa siku ya gari la kiwanda kuchukua majani ya chai. Tuliingia shamba la chai mapema, Baba mstari wake, mimi wangu, umande ukitulowesha hadi kiunoni. Tulichuma mpaka saa nne. Nikamsikia, upande wa pili wa vichaka, akilia kwa sauti, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sikujua kama nina haki ya kumwendea. Nilibaki pale pale, mikono ndani ya majani.