Chumba cha Mama Efrazia

Basili Akonaay alichimba kwa mikono yake mwenyewe mtaro wa bomba la majitaka ambalo baadaye alijenga chumba juu yake. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asije akadhani hakujua. Alijua. Hata mimi Joakimu nilijua, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa maji.

Alikuja shambani mwaka 1976 akitokea Tumati, kijana wa jembe moja na blanketi moja, wakati ule shamba la ngano la serikali lilipokuwa likiajiri kila mwenye mikono. Tambarare yote chini ya mlima Hanang ilikuwa inalimwa. Kota za wafanyakazi zilikuwa zinajengwa kwa tofali za saruji, kila nyumba vyumba viwili na choo cha kuvuta maji, jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujaliona isipokuwa hospitalini. Basili aliwekwa kwenye kundi la vibarua wa mtaro. Walichimba kuanzia nyumba ya juu mpaka bwawa la majitaka kule bondeni, wakalaza bomba, wakajenga chemba, yaani shimo la kukagulia bomba, kila baada ya nyumba nne, wakafukia. Alipopata ajira ya kudumu, kazi ya kupaka grisi kombaini za kuvunia ngano, akapewa nyumba ya mwisho kabisa, ya chini, na chemba ya mwisho ilikuwa hatua nane tu kutoka mlango wake wa nyuma. Alikuwa akijisifu kwamba analijua lile bomba kuliko anavyomjua mke wake. Letisia, mkewe, alikuwa akimjibu kwamba basi akalale nalo.

Mwaka 1989 pampu ya maji ya kota ilikufa. Niliandika barua Arusha, nikaandika tena, nikapanda lori nikaenda mwenyewe, nikaambiwa vipuri vimeagizwa. Watu wakachimba vyoo vya shimo, wakarudi kuchota maji lambo kwa punda kama bibi zao. Vile vyoo vya kuvuta vikawa stoo za mahindi. Jirani yetu Patriki alifugia kuku cha kwake, na walikuwa wanataga vizuri tu. Miaka ikaenda. Watoto waliozaliwa kota baada ya hapo waliliona bomba ukutani wakalitundikia shati.

Sasa, Basili alikuwa kitinda mimba. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Kaka zake walikwenda Karatu na Babati na hakuna aliyewasema, lakini yeye kuondoka ilikuwa aibu, na aliibeba. Kila likizo alikwenda Tumati na sukari na sabuni, akarudi kichwa chini. Mama yake, Efrazia, aliishi peke yake kwenye tembe iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, mbuzi wake ndani, moto wake ndani, na kauli yake ilikuwa moja: hajawahi kumsumbua mtu. Alizaa saba, akazika mume, akalima mpaka uzee, na hakuna jirani aliyewahi kumpelekea hata kuni bila yeye kurudisha kitu. Hilo ndilo alilojivunia. Macho yalipoanza kuwa meupe hakumwambia mtu. Alihesabu hatua.

Mwaka 1992 alitumbukia kwenye korongo asubuhi, akalala humo hadi wachungaji walipopita jioni. Basili alipokwenda kumwona safari hiyo, mama alikubali kuhama. Alitoa sharti moja. Hatalala juu ya saruji. Alisema saruji inanyonya joto la mtu. Alitaka sakafu ya udongo, moto wake na mlango wake, asiwe anapita katikati ya nyumba ya mkwewe kama mgeni.

Kushoto mwa nyumba ya Basili palikuwa barabara ya matrekta, kulia palikuwa kwa Patriki. Pakabaki nyuma. Nilimshikia kamba siku anapima msingi, na kamba ilipita juu ya bomba, na chemba ikaingia ndani ya chumba, karibu na pale kitanda kingekaa.

"Basili," nikasema, "na chemba je?"

"Chemba gani, Joakimu? Wewe ndiye fundi. Hebu niambie mara ya mwisho uliona maji lini."

Nilicheka. Nakikumbuka kile kicheko kuliko vitu vingi nilivyowahi kusema maishani mwangu. Tulimwuliza na Alfredi, msimamizi wa kota, maana sheria ya shamba ilikataza mtu kujenga juu ya bomba. Alfredi akatazama, akakuna shingo, akasema mama ni mama, tujenge tu, nani atauliza. Basili akachimba msingi, akapanga mawe, akafunika chemba kwa mbao, akamwaga udongo, akaushindilia kwa siku mbili. Letisia akasiriba kwa samadi mpaka sakafu ikawa laini kama ya Tumati kabisa. Ilikuwa kazi nzuri. Mtu asiyejua asingehisi chochote chini ya mguu.

Mama Efrazia akaja na lori la shamba, mbuzi mmoja na mafiga yake matatu, maana hakutaka mawe ya watu. Huku nyuma Tumati, Isidori, mpwa wake, alichukua kiwanja, akaangusha paa la tembe, akapanda maharage juu yake. Sikumlaumu. Nyumba isiyo na mtu inaliwa na panya. Lakini ina maana kwamba kuanzia siku ile mama hakuwa na pa kurudi.

Miezi sita mama alikaa vizuri. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mama," naye anajibu, "Marahaba Joakimu, umekanyaga kwa haraka leo, kuna nini?" Alijifunza kota nzima kwa miguu ya watu. Alichambua maharage ya Letisia kwa vidole bila kuacha jiwe. Basili alinenepa. Kweli kabisa, mtu wa miaka arobaini alinenepa kwa sababu mama yake yuko nyuma ya nyumba.

Vipuri vikaja Mei mwaka uliofuata. Sikuamini. Niliitengeneza ile pampu kwa wiki mbili, na nasema bila kujificha kwamba nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtu ambaye kwa miaka minne ameitwa fundi wa maji bila maji. Jumanne saa nne asubuhi nikaiwasha. Tangi likajaa. Mabomba yakakohoa, yakatoa kutu, kisha maji. Wanawake walipiga vigelegele. Kila mtu akakimbilia chooni kwake kutoa mahindi na kuku na kuosha uchafu wa miaka minne, na kila mtu akavuta, akavuta tena, watoto wanavuta kwa kucheza. Hakuna hata mmoja aliyefikiri yanakwenda wapi. Yalikwenda chini, kwa Basili. Pale ukuta wake ulipokalia bomba, bomba lilikuwa limepasuka na kujaa udongo. Yakakosa njia, yakapanda.

Basili alikuwa karakana. Letisia alikuwa bombani na wenzake, anafua kwa wimbo. Mama alikuwa amelala, kwa sababu tangu Jumapili tumbo lilikuwa linamsumbua, Letisia akimshika mkono mara kwa mara kumpeleka choo cha shimo.

Letisia ndiye aliyenisimulia. Alirudi kuchukua beseni la pili, akasikia harufu, akafungua mlango wa mama. Mbao zilikuwa zimenyanyuka na sakafu yote ilikuwa imeloa kinyesi, kimefika kwenye mafiga. Mama alikuwa amepiga magoti katikati yake. Alikuwa amevua shuka lake na anafuta nalo, anakamua, anafuta, na kila alipofuta kikaja kingine.

"Letisia, mwanangu," akasema, "usimwite Basili. Namaliza mwenyewe."

Letisia hakuelewa mara moja. Alipoelewa alipiga yowe, nasi tukaja.

Nilikimbia kuzima pampu. Niliporudi Basili alikuwa amembeba mama hadi uani na anamwogesha kwa yale maji mapya, anamweleza. "Mama, ni bomba. Ni uchafu wa kota nzima, umepanda chini ya sakafu. Si wewe." Mama akajibu, "Ndiyo, mwanangu. Asante." Akamweleza tena. Akamshika mkono, akamrudisha chumbani, akamgusisha ukingo wa chemba kwa vidole ili ahakikishe. Mama aligusa. "Nimeona, baba," akasema. "Asante sana." Ilikuwa sauti ya mtu anayeshukuru kufichiwa aibu. Nikamwambia na mimi, fundi mzima, nikaapa. Akanishukuru na mimi. Tulivyozidi kumweleza ndivyo alivyozidi kuona kwamba tuna huruma.

Jumatano watu wakaanza kunung'unika. Maji yamekuja baada ya miaka minne, yamezimwa kwa sababu ya chumba cha bibi mmoja? Walikuwa na haki, na niliwachukia. Alfredi, yule yule wa kujenga tu, alikuja na karatasi akasoma sheria. Ijumaa Basili alibomoa ukuta mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akachimba mpaka akalifikia bomba alilolilaza akiwa kijana. Tukatoa kipande kilichopasuka, tukaweka kingine. Jioni nikawasha pampu, na hakuna aliyepiga vigelegele.

Mama alihamishiwa chumba cha mbele, juu ya saruji, kwenye kitanda cha watoto wa Basili. Hakulalamika baridi. Alianza kula kidogo. Kijiko kimoja cha uji, vijiko viwili, kisha, "Nimeshiba." Kwa maziwa alilowesha midomo tu. Tulidhani ni tumbo. Basili akamleta mganga wa zahanati, akasema tumbo limeshapona zamani, bibi ale. Hakula. Letisia ndiye aliyegundua, kwa sababu kila asubuhi, kabla hata ya salamu, mama alikuwa anapapasa godoro chini yake, mbele na nyuma, kisha anashusha pumzi. Alikuwa anajizuia. Kisichoingia hakitatoka, na kisichotoka hakitamsumbua mtu.

Basili alipoambiwa alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda. Alimwomba. Alimwambia hata kama ingekuwa ni yeye kweli, ni mama yake, alimfuta yeye mara ngapi alipokuwa mtoto? Hilo lilikuwa kosa. Kwa kusema "hata kama", alifunga mlango wa mwisho. Niliona uso wa mama ukitulia kama wa mtu aliyepata hakika.

Alidumu siku kumi na tisa. Siku ya mwisho ilikuwa asubuhi, jua limetoka, Basili yuko nje anachanja kuni. Mama alimwomba Letisia amsaidie kupapasa, kwa kuwa mkono ulikuwa haufiki tena.

"Ni pakavu?"

"Pakavu, mama. Pakavu kabisa."

"Mwambie Basili."

Letisia akatoka kumwita. Walipoingia mama alikuwa amekwisha kukata roho. Basili akasimama pale na shoka mkononi, akauliza mama alikuwa anamwitia nini, na Letisia, ambaye hajui kudanganya, akamwambia.