Mama Breki na Tumbo Lililoshonwa kwa Ndani

Waliojifunza gari kwa Mama Breki hawaisahau sauti yake. Akitamka "breki!" husimama mwanafunzi, husimama mwenye baiskeli aliye upande wa pili wa barabara, na hata kuku aliyekuwa anavuka hughairi safari. Jina lake halisi lilibaki kwenye leseni tu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na zaidi ya nusu ya umri huo aliumaliza kwenye kiti cha pembeni cha gari la mafunzo, mbele ya ile pedali ya pili ya breki ambayo mwalimu huikanyaga mwanafunzi anapokaribia kuleta maafa.

Mwili wake ulikuwa mkubwa, na alikuwa wa kwanza kuutania. "Mkiniona ndani, msihofu ajali," aliwaambia wanafunzi, "gari hili haliwezi kupinduka." Watu walicheka naye akacheka. Ambalo hakulisema ni kwamba kila mwaka alikisogeza kiti nyuma kidogo ili tumbo lipate nafasi, mpaka reli ikaisha, na pedali akawa anaigusa kwa ncha ya kidole gumba.

Halafu kulikuwa na usingizi. Alilala mapema na kuamka amechoka kama aliyebeba mawe. Alisinzia akibandika chai, akasinzia kwenye foleni ya benki. Mumewe, mpishi mstaafu wa bweni la shule, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, unakoroma, kisha unanyamaza kabisa, pumzi hakuna, mpaka nikutikise." Yeye alijibu, "Wewe usingizi wako mwepesi tu."

Asubuhi moja ya joto alikuwa anamfundisha mwalimu wa chekechea, dada mwoga aliyeukamata usukani kama anayening'inia mtini. Barabara ilikuwa nyoofu, gari linanguruma taratibu, jua linampiga Mama Breki usoni. Akafumba macho. Alipozinduliwa na ukelele, ukuta wa duka la mikate ulikuwa umejaa kioo chote cha mbele. Akarusha mguu. Mguu ukakanyaga hewa. Aliyelisimamisha gari ni yule mwoga, kwa miguu yote miwili, na bampa likasimama hatua moja tu kutoka ukutani.

Hakuna aliyeumia. Lakini dada wa chekechea alishuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara akalia.

Mwenye shule ya udereva hakumfokea. Heri angemfokea. Alimketisha ofisini, akamzungumzia kwa upole kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mama, umefanya kazi yako. Kuanzia kesho utafundisha alama za barabarani, darasani, kwenye feni. Gari tuwaachie vijana."

"Sawa," alisema. "Darasani nitakaa. Lakini nitarudi garini."

"Mama..."

"Nimekwambia nitarudi."

Wiki hiyohiyo alikwenda hospitali. Walimlaza na waya kichwani na kifuani, wakamsikiliza anavyolala. Majibu yakapelekwa kwa daktari wa tumbo na uzito, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, naye akamweleza bila kuzunguka. Usiku kucha koo lake lilikuwa linazibwa na uzito wa shingo na kifua, pumzi inakatika, mwili unagutuka kutafuta hewa. "Wewe hulali, mama. Unapigana." Presha nayo ilikuwa juu, sukari inanyemelea. Alipewa mashine ya kupumulia, yenye barakoa ya kuvaa akilala, na akaambiwa itamsaidia tangu siku ya kwanza. Ila mzizi ulikuwa uzito.

"Nimeshajinyima sana, daktari. Zinaondoka kilo, zinakwenda kuita ndugu zao, zinarudi nao."

"Nakuamini. Kwa moyo wako, upasuaji mkubwa nisingependa tuuanze. Lakini kuna njia nyingine." Akamweleza: atalazwa kwa dawa ya usingizi, mrija mwembamba wenye kamera na sindano utapitishwa mdomoni hadi tumboni, na tumbo litashonwa kwa ndani, likunjwe liwe jembamba. Hakuna kukata ngozi. Atashiba kwa chakula kidogo. Hatari zipo, za kutoka damu, za maambukizi, ingawa si nyingi. "Na si muujiza. Ukinywa soda na kutafuna ovyo kutwa, utalishinda tumbo. Tena kwa umri wako lazima tupime kwanza moyo, mapafu na nguvu za miguu."

"Umri haukatazi?"

"Umri peke yake, hapana."

"Basi nipime."

Nyumbani habari ile iliangukia sebuleni kama sahani ya udongo. Binti yake alishika kichwa. "Mama, utalazwa na dawa ya usingizi, uzee huu? Si ufunge mdomo tu?"

"Mwanangu, ningekuwa naweza kuufunga, ungekuwa umeshafungwa kabla hujazaliwa."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekuja kusalimia na hakutaka kukosa la kusema. "Sasa wifi, kwa umri huu unamtafutia nani kiuno?"

"Kiuno sikihitaji. Natafuta mguu ufike kwenye pedali."

Mwishowe mumewe alisema, "Mimi ndiye ninayekutikisa ukikata pumzi. Mwacheni aende."

Akaenda. Vipimo vilikubali, siku ikafika, akapelekwa kwenye chumba chenye baridi na taa kali. Alipozinduka koo lilimuuma, na tumboni alihisi kama mtu amekunja ngumi akakataa kuikunjua. Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Kichefuchefu kilimpanda kwa harufu tu ya kitunguu. Alikunywa maji kwa vijiko, supu iliyochujwa kwa vijiko, akajiuliza zaidi ya mara moja nani aliyemtuma. Kisha alijijibu mwenyewe: maji ameyavulia nguo, ayaoge.

Lililomshinda zaidi halikuwa tumbo, lilikuwa mume. Mtu aliyewapikia wanafunzi wa bweni zima maisha yake yote, mkono wake haukujua kupika kidogo. Siku aliporuhusiwa vyakula laini, mzee alimwandalia sahani ya viazi vilivyopondwa, samaki na mboga, imefura kama kichuguu. Mama Breki alikula vijiko vichache, akaweka kijiko chini. Mzee aliitazama sahani, akaifunika, akatoka nje.

Alimfuata uani, akamkuta anasugua sufuria ambalo lilikuwa safi.

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Kwangu mimi mtu akiacha chakula, amenikataa."

"Sikukatai wewe, mume wangu. Tumbo limekataa. Niko palepale."

Mzee aliendelea kusugua. "Sijui kumpendeza mtu kwa vijiko vitatu."

"Basi jifunze. Mimi mbona najifunza kula uzeeni?"

Hapo mzee akacheka, cheko la kujilazimisha kidogo. Kesho yake alitoka sokoni na sufuria dogo, la kuchemshia maziwa ya mtoto mmoja, akaanza upya. Alipika vibaya kwa siku kadhaa, chumvi ikizidi kwa sababu mkono ulikuwa bado wa bwenini. Kisha akaweza.

Uzito ulishuka, mwanzo kwa kasi, baadaye kwa kujivuta. Madera yakampwaya. Akaanza kutamba. Na hapo ndipo alipoanguka. Aliinuka kwenye kigoda cha bafuni, magoti yakalegea kama ya mtoto anayejifunza kutembea, akajikuta sakafuni na nyonga inawaka moto.

"Nilisema mimi!" binti alilia akimwinua. "Nilisema!"

Hakuvunjika. Lakini hofu ilimwingia, na kwa siku mbili hakutaka kuinuka kitini bila kushikwa. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini, mama mmoja mwenye mabega mapana asiyependa kubembeleza, alimbonyeza mapaja akatikisa kichwa. "Unakula nini kwanza kwenye sahani?"

"Viazi. Vinapita vizuri."

"Ndiyo maana. Mtu mzima akipungua, mafuta huondoka na misuli hufuata. Anza na yai, samaki, kuku, maharage. Ikibaki nafasi ndipo uweke viazi. Na kila siku, kaa kitini, simama bila kutumia mikono. Rudia mpaka unichukie."

Alimchukia vilivyo. Sebuleni akakaa na kusimama, akakaa na kusimama, mumewe amesimama mbele yake na mikono wazi kama golikipa, haimgusi ila iko tayari. Alibeba chupa za maji juu na chini. Alipanda ngazi za ghorofa la jirani akitukana kimoyomoyo. Miguu ikarudi polepole, na safari hii ilirudi na nguvu ambazo hakuwa nazo hata alipokuwa mnene.

Walipompima tena usingizi, pumzi ilikuwa inakatika mara chache tu. Daktari alimwambia aendelee na barakoa yake, ila kazi ya garini anaweza. Alitoka hospitali akaenda moja kwa moja shuleni.

Mwenye shule alijikuna shingo. "Gari lako anafundishia kijana mpya, mama. Na ile siku... watu wanakumbuka."

"Wana haki. Nami nakumbuka. Kwa hiyo usiniamini kwa mdomo. Shika usukani wewe, mimi nikae pembeni. Fanya kosa lolote unalotaka."

Walikwenda kwenye uwanja wa mazoezi. Mama Breki aliingia, akakisogeza kiti mbele, akafunga mkanda ukabaki na urefu. Mwenye shule alianza kwa adabu: akasahau kiashiria, akaingiza gia vibaya. Mama alimsahihisha bila kupandisha sauti. Kisha yule bwana, bila kuonya, alikanyaga mafuta akalielekeza gari kwenye safu ya mapipa matupu.

"Breki!"

Na wakati huohuo mguu ulikuwa umeshafika. Gari lilisimama likitikisika, mwenye shule akajibamiza kwenye mkanda wake, vumbi likawapita.

Mwenye shule alizima injini. "Asubuhi tu," akasema. "Jioni unapumzika."

"Asubuhi, na Jumamosi nzima."

"Mama, wewe!"

"Jumamosi ndiyo wanakuja waoga. Waoga ni wangu."

Wakakubaliana. Hakuwa mwembamba, wala hakuwahi kuwa. Mwezi mmoja wa mvua na uvivu kilo kadhaa zilirudi, akatukanwa na mama wa mazoezi, akarejea kwenye ngazi. Jumamosi yake ya kwanza alipangiwa bibi wa makamo aliyefiwa na mume akaachiwa gari asilojua kuliendesha. Bibi yule alikaa nyuma ya usukani, mikono mapajani.

"Mwalimu, mimi nimeshazeeka kwa mambo haya."

"Funga mkanda," Mama Breki alisema. "Kanyaga klachi. Tunaondoka."