Jana Iko Upande Gani

Siku yangu ya kwanza kazini, Kisarawe, Mpima Mkuu wa wilaya alinikabidhi theodolaiti, ile darubini ya kusomea pembe, akaniambia nisiiamini shule kupita kiasi. Shuleni nilifundishwa kwamba pembe tatu za pembetatu zinatimia nyuzi mia na themanini. Yeye akanieleza kuwa pembetatu ikiwa kubwa, ya kutoka kilima hadi kilima, huzidi kidogo, maana dunia yenyewe ni mviringo. Mchana, tukila mihogo, nilimuuliza kama anga nalo limepinda.

“Huenda,” alisema. “Lakini sisi tumo ndani yake, kijana. Hatuna pa kusimama tukalitazama.”

Neno hilo lilinikaa. Nilipima mashamba ya mikorosho ya Kisarawe, nikahamishiwa Kibaha kukata viwanja katika mtaa wa Sofu, nalo limo tu kichwani.

Kibaha ndiko tulikompoteza mtoto wetu, Salumu. Alikuwa anavuka barabara pale Maili Moja, lori likamgonga. Baada ya arobaini nilirudi kazini kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Zikaja mashine za kupimia ardhi kwa setilaiti. Afisa Upimaji wa mkoa, mama mmoja mpole, alitufundisha kwamba saa zilizomo ndani ya setilaiti huko juu hukimbia kuliko zetu, zisiposahihishwa kigingi cha mpaka kitaangukia kwa jirani. Akaongeza kuwa wapo wataalamu wanaoamini wakati hauendi popote. Jana na kesho zimetandazwa kama ardhi, zote zipo. Wenzangu walicheka. Mimi nilimfuata nje, nikamuuliza kama mtoto aliyefariki naye bado yupo, katika jana yake.

“Kwa hesabu hizo yupo, mzee wangu,” alinijibu. “Njia ya kumfikia ndiyo hatuna.”

Nilirudi nyumbani Tangini nikiona nina kitu cha kumpa mke wangu. Nikamweleza taratibu: Salumu anayejifunza baiskeli uani yupo, Salumu wa Idi na kanzu mpya yupo, hakuna kilichofutika. Alinisikiliza, ungo wa mchele mapajani, mpaka nikamaliza.

“Basi na siku ile ya Maili Moja ipo,” alisema. “Bado anagongwa.”

Akaushika ungo, akaendelea kupepeta. Sasa nimestaafu. Vijana wa upimaji wakija kuniuliza habari za kazi, nawaeleza vigingi na pembe. Habari za wakati nazikwepa. Mimi mwenyewe nikimwona Salumu juu ya baiskeli yake, hata hajamaliza kuuzunguka ua, nasikia lori linakuja.