Maji Anayonitemea Mama

Mafuta ya nazi niliyakubali. Kijiko kimoja kwenye uji hakijawahi kuua mtu, na mwalimu mwenzangu aliyeniletea chupa alikuwa na nia njema. Mlonge niliukubali pia, baada ya kuuliza kliniki na kuambiwa kwamba majani machache kwenye mboga hayana neno. Poda ya kopo niliikataa. Aliyeileta ni mama mmoja wa kanisani kwetu, amevaa suti ya zambarau. Alikaa kwenye kochi langu hapa Kaloleni, mjini Voi, akanieleza kwamba poda hiyo inaosha ubongo. Nikamwuliza inauosha vipi. Akanionyesha picha kwenye simu. Nikamwambia mama yangu si sufuria, nikamsindikiza hadi getini.

Mama yangu ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Daktari alininyooshea maneno, akachora mpaka ubongo kwenye karatasi: ugonjwa huu haujapata tiba, dawa zilizopo ni za kupunguza makali tu, na presha yake lazima idhibitiwe kila siku, maana kiharusi kikija juu ya hayo, basi. Nilimshukuru. Lakini tangu siku ile, kila mtu ninayekutana naye Voi amegeuka daktari. Muuza mboga ana mizizi. Jirani ana maji ya kisima fulani. Fundi wa viatu ana shangazi aliyepona kwa kunywa asali na kitunguu saumu. Nimejifunza kuwauliza wote swali moja: hiyo dawa yako inataka mama aache vidonge vya hospitali? Ukisema ndiyo, mazungumzo yameisha, na chai yako unaweza kuimalizia nje.

Sasa niseme jambo ambalo wageni hao siwaambii. Kabla ya ugonjwa, mama hakuwahi kukanyaga nyumba hii. Nilipoolewa na Mkamba wa reli, miaka ishirini na miwili iliyopita, yeye alibaki kwake huko juu ya Wundanyi. Hakupiga kelele, hakulaani mtu. Hakuja tu. Nilikuwa nimemnunulia leso ya kuvaa siku ya harusi, nikaituma kwa dereva wa matatu. Ilirudi jioni ile ile na dereva yule yule, imekunjwa vile vile, ndani ya karatasi ya duka. Nikaitikisa nikitafuta hata kikaratasi cha maneno mawili. Hakuna.

Baada ya hapo tulionana kwenye mazishi na Krismasi. Nilimpelekea wanangu, akawapa ndizi na kuniuliza kama huko Voi mvua imenyesha. Nami nikamjibu habari za mvua. Nilikuwa nangoja aseme neno kuhusu ile leso. Neno moja tu lingenitosha, hata kama ni la kunitukana. Halafu akaanza kupotea kwenye mashamba ya ngazi za mlimani aliyoyalima tangu ujana wake, akaanza kuacha sufuria jikoni hadi ziungue, na mke wa kaka yangu akasema amechoka. Nikapanda kumchukua. Niliapa moyoni kwamba kabla hajasahau kila kitu, atanieleza.

Ugonjwa ulinitangulia. Mwezi wa pili hapa kwangu alinitazama kwa adabu, akaniuliza mama yangu ni nani na kama bado yuko hai. Watu walioniona siku hiyo walidhani nalia kwa huzuni. Nililia kwa hasira. Niliona ugonjwa umempitisha mlango wa nyuma, ameondoka na jibu langu, ameniachia mwili wa kuogesha na kulisha.

Na cha kuudhi zaidi, anampenda mume wangu. Mtu aliyemkataa hadi akarudisha leso ndiye anayemkata kucha, ndiye anayeshinda naye mchana mimi nikiwa shuleni, kwa kuwa ameshastaafu. Mama anamwita kijana.

"Kijana, wewe umeoa?"

"Nimeoa, mama."

"Ulipata mke mzuri?"

Mume wangu hunitazama kwanza. "Ni mkali kidogo," humjibu, na wote wawili hucheka mpaka wakohoe.

Muuguzi wa kliniki alinipa kazi: niandike kwenye daftari kila asubuhi kama mama amemeza dawa. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimpa kidonge na kikombe cha maji. Alipiga funda la kwanza vizuri. Halafu alipiga la pili, akanigeukia, na maji yote yakanijia kifuani, kwenye blauzi ya kazi. Nilipiga kelele. Nilipiga magoti nikitafuta kidonge sakafuni, chini ya kitanda, ndani ya viatu. Sikukipata hata siku moja, na nikajiambia kimeyeyuka. Sikuthubutu kumpa cha pili. Nilichukua kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, nikaandika: Ametema. Ametema. Ametema.

Kosa langu lilikuwa kuupiga picha ukurasa ule na kuutuma kwenye grupu la familia, ili waone ninavyoteseka.

Jumapili iliyofuata kaka yangu mkubwa aliniita nyumbani, mlimani. Nilimkuta ameketi na baba mdogo, ndugu pekee wa marehemu baba aliyebaki. Kabla sijapewa hata kiti, baba mdogo alianza.

"Mwanangu, huu si ugonjwa wa vidonge. Kuna mtu wa nyumba hii ana hasira na mama yenu. Huyo mtu atase, mgonjwa apoe."

Kutasa ni jambo la kwetu Wataita. Mtu mwenye kinyongo na ndugu yake hujaza maji mdomoni, au pombe ya miwa, akayapuliza nje yawe manyunyu, huku akiisemesha ile hasira imtoke na isimdhuru ndugu yake. Wazee waliamini kwamba hasira, hata usipoitamka, inaweza kumwangusha mtu wa damu yako. Nikiwa mdogo nilimwona bibi akifanya. Baadaye tulifundishwa kanisani kwamba hayo ni ya gizani, tukaacha kuyataja.

"Na huyo mwenye hasira ni nani?" niliuliza.

Wote walinitazama mimi.

"Sitasi," nikasema. "Hasira yangu naijua, nimeitunza vizuri, na haijamla mtu ubongo. Mngekuwa na haya mngeniuliza kwanza niliipata wapi."

Kaka yangu alipandisha mabega. "Sawa dada. Kama ya wazee huyataki, tufanye ya Mungu. Kuna nyumba ya maombi upande wa Salaita. Mtu anakaa mwezi mzima, anaombewa. Dawa za hospitali zinaachwa kwa beseni pale getini, kuonyesha imani."

"Presha yake je?"

"Presha gani, na hata hizo dawa anatema? Si ni wewe umeandika? Jumamosi nakuja kumchukua."

"Njoo na askari," nikamwambia, nikashuka mlima bila kuonja chai yao. Lakini njia nzima maneno yake yalinikereketa, kwa sababu maandishi yalikuwa yangu. Nilijua kwamba mwezi mmoja bila vidonge unaweza kumuua, na silaha ya kunishinda nilikuwa nimempa mimi mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilimpa mama kidonge. Funda la kwanza, funda la pili, na maji kifuani. Nikafungua mdomo kupiga kelele. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Hebu nyamaza kidogo," akasema.

"Ninyamaze? Huoni nimelowa?"

"Nakuona. Lakini akishatema kuna kitu anasema. Kila siku maneno ni yale yale. Mimi Kidawida chenu sikijui. Wewe unakijua, ila unampigia kelele juu."

Nikanyamaza. Mama alikinyanyua kikombe tena. Hakunitazama usoni, alinitazama kifuani. Maji yalitoka membamba, manyunyu matupu, kama ya bibi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kutafuta neno hata moja, yeye ambaye siku hizi hulitafuta neno kijiko mpaka chai ipoe: Kama nina hasira na mtoto huyu, initoke. Nilimrudishia kitu chake. Initoke, apoe, nami nipoe.

Nilimshika kidevu, nikamwomba afungue mdomo, nikaangalia chini ya ulimi na kwenye mashavu. Hakukuwa na kidonge. Alikuwa akikimeza kila siku. Funda la kwanza lilikuwa la dawa. La pili lilikuwa langu.

Walipokuwa wakimtafuta mwenye hasira, walinitazama mimi. Hakuna aliyewaza kwamba mgonjwa naye anaweza kuwa na yake na kwamba ameshaanza kuitoa peke yake, bila kikao. Na mimi, Mtaita wa kuzaliwa, niliona mate tu. Ilibidi Mkamba aniambie nisikilize.

Jumamosi kaka alifika na gari la kuazima, baba mdogo amekaa mbele. Nilisimama mlangoni na daftari mkononi.

"Haendi," nikasema. "Anameza."

"Uliandika anatema."

"Niliandika makosa. Hata mwalimu hukosea."

Waliniona mwongo, sikuwalaumu. Niliwakaribisha ndani wajionee, nikampa mama dawa yake ya asubuhi mbele yao. Akameza. Akanipulizia. Akasema maneno yake. Baba mdogo alivua kofia. Kaka yangu aliutazama mdomo wa mama, kisha akanitazama nilivyolowa.

Ndipo nikakichukua kikombe. "Nisikieni vizuri, msije mkaenda kutangaza," nikawaambia. "Hii haimponyi. Ubongo wake utaendelea kuisha kama daktari alivyosema, na vidonge vyake havitaingia kwenye beseni la mtu. Lakini hasira ni yangu, na leo naitoa kwa kuwa nimetaka, si kwa kuwa mliniitia kikao."

Nikajaza maji mdomoni. Sikuwa nimewahi kutasa maishani mwangu. Maji yalitoka bonge moja, yakaniporomoka kidevuni. Mama alicheka. Alinikaribia, akanibana midomo kwa vidole viwili, hivi, akanionyesha jinsi inavyokazwa, kama mtu anayemfundisha mtoto kupiga mluzi. Mara ya pili manyunyu yalimfika, nikasema yangu yote kwa Kidawida, na leso nikaitaja.

Nilipomaliza alikuwa amelowa uso. Nilikwenda kabatini, nikaitoa ile leso kwenye karatasi yake ya duka, nikamfuta nayo. Aliushika upindo, akausugua kwa kidole gumba.

"Nzuri," akasema. "Ya nani?"

"Yako, mama."

Akaichukua.

Kaka yangu aliondoka bila yeye. Baba mdogo alimaliza chai yake taratibu, akasema kidonge ni sawa na maji ni sawa, akaondoka pia. Sijui kama alielewa au alikuwa amechoka kubishana na mimi.

Mama hajapona. Wiki hii ameniita dada, muuguzi, na mama mwenye nyumba. Jina langu halijui tena. Anajua tu kwamba kuna mtu alimkosea, na kila asubuhi anaanza naye, amejifunga leso yake. Nasimama mbele yake mpaka amalize, sisogei. Kisha nafungua daftari, naandika kwa kalamu nyekundu: Amemeza. Halafu naenda kubadilisha blauzi.