Mzigo wa Watu Dirishani

Nikiwaambia watu kwamba niliishi Guangzhou chumba kimoja na magunia ya majongoo bahari, wanadhani nawatania. Sitanii. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, kwenye kichochoro upande wa Xiaobei, vitanda viwili na dirisha moja, na harufu ile iliingia mpaka kwenye kanga zangu. Mpaka leo nikipita penye samaki wa moshi namkumbuka mwenye mzigo ule, na roho inaniuma.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mimi biashara yangu ilikuwa nguo. Naamka alfajiri nakwenda Shisanhang, kule maduka ya jumla yanafunguliwa watu wa heshima bado wamelala, nasukumwa, nakanyagwa, narudi na marobota. Kesho yake Shahe kwa nguo za bei ya chini, mambo yale yale. Miguu ilikuwa ikivimba mpaka viatu haviingii. Nyumbani Tanga walijua niko Uchina nakula raha. Raha gani, jamani? Kulikuwa na siku nakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni kwa sababu nguvu ya kuvua cha pili sina.

Ndipo akaja yeye, mwanamke wa Kiindonesia, akapanga kile kitanda cha pili. Alikuwa kanizidi miaka, nikawa namwita Dada, naye akaniita mdogo wake. Tulisemezana kwa Kiingereza cha kuokoteza. Zamani alifanya kazi za ndani Singapoo kwa familia ya Wachina, kwa hiyo Kichina cha sokoni na cha jikoni alikuwa nacho, kuliko mimi niliyejua kusema "laoban" kwa kila bosi na kukataa bei kwa kutikisa kichwa.

Kijiji chao kiko kisiwani. Alinisimulia mpaka nikawa naweza kukipita kwa miguu. Nyumba zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji, na maji yakijaa watoto wanavua samaki kwa kutumbukiza ndoano kati ya mbao za sakafu ya jikoni. Nyuma ya kijiji ni mlima, na mlimani ni mikarafuu. Nilipomwambia karafuu ni mali ya Pemba akacheka mpaka akashika mbavu. Eti karafuu asili yake ni kwao, sisi tuliletewa tu. Tulibishana wee, mimi nimekunja ndita kabisa, maana mtu wa pwani umwambie karafuu si zake! Mji wa karibu ni safari ya kutwa kwa boti, na huko mjini mnunuzi ni mmoja tu, kwa hiyo bei ni ile anayoitaka yeye.

Wanaume wa kijiji wanapiga mbizi kutafuta majongoo bahari. Mumewe alikuwa ameshapoteza sikio moja kwa kuzama chini mno. Wanawake wanayapasua, wanayachemsha, wanayasugua kwa majani ya mpapai, wanayatia moshi wa makumbi ya nazi, wanayaanika mpaka ukigonganisha mawili yanalia kama mawe. Kila nyumba inafunga mafungu yake kwa utepe uliochanwa kwenye saruni ya mama mwenye nyumba, basi ukiona utepe unajua fungu la nani.

Mwaka ule pesa ya kwao iliporomoka. Mchele ukawa haukamatiki, na yule mnunuzi wa mjini akaona hapo ndipo pa kuwanyonga. Kijiji kikakaa msikitini, kikakubaliana: mavuno ya nyumba zote yakusanywe, yapelekwe moja kwa moja huko yanakoliwa. Nani apeleke? Wakamtazama yeye, aliyewahi kuishi na Wachina. Hakuomba. Aliniambia waziwazi kwamba alikuwa anaogopa. Akifanikiwa, wameshaachana na mnunuzi. Akishindwa, ni yeye atakayerudi kuishi nao, milango inatazamana, mpaka siku ya kufa.

Siku aliyopanga magunia chumbani nilimwona anafanya jambo. Ya watu aliyaweka chini ya dirisha, midomo wazi, yapate hewa. La kwake, gunia moja dogo, akalisukuma chini ya kitanda, pembeni kabisa, gizani, limeviringishwa kwenye nailoni iliyotoka kwenye robota langu. Nikamuuliza, hili mbona unalificha? Akasema halifichi. Kwao anayebeba mali za watu huweka yake mahali pabaya. Kwenye boti mizigo ya wenzake inakaa juu penye upepo, wake unakaa chini penye maji yanayovujia ndani. Ndivyo wanavyokuona kwamba unafaa kutumwa.

Nikasema sawa, nikalala zangu.

Mnunuzi alishampata, laoban mmoja mwenye duka la vyakula vikavu, pweza na uyoga na mapezi ya papa. Alionyeshwa sampuli akaipenda, bei wakapatana. Lakini yule bwana alikuwa anasafiri kwenda kwao kuhudumia makaburi ya wazee wake. Akasema ningojeni, nikirudi nakuja na gari kuchukua mzigo wote. Basi tukangoja.

Katika kungoja huko ndipo hali ya hewa ilipogeuka. Baridi iliondoka kwa siku moja, ukaja upepo wa kusini, vuguvugu, mzito. Kuta zikaanza kutoa jasho. Naapa, maji yalikuwa yanatiririka ukutani bila tone la mvua. Ngazi zilikuwa zinateleza, shuka mbichi, nguo nilizonunua jana zina ubaridi wa kitu kilichotoka kufuliwa. Mimi na Dada tukatazamana. Sisi wote watu wa bahari, tumezaliwa na unyevu, na unyevu dawa yake tunaijua: upepo. Tukafungua dirisha wazi, na mlango tukaukingia kiti ili hewa ipite. Tukajiona hodari.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga, Mkantoni mwembamba ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, akapanda juu kufoka. Akavuta dirisha akalifunga kwa kishindo. Kichina cha mji ule kilimshinda, Dada aliambulia maneno mawili matatu: dirisha, maji, funga. "Maji gani, na mvua hakuna?" akaniuliza. Mimi nikamwambia achana naye, huyo harufu ndiyo inayomkera, majirani wamemsema. Kweli tangu siku ya kwanza alikuwa anaziba pua akipita mlangoni kwetu. Akishuka tu, tunafungua. Akipanda, anafunga. Tukawa tunacheza mchezo huo siku kadhaa, na mimi nikirudi jioni hoi, nalikuta dirisha limefungwa, nalifungua kwa hasira kama nimeonewa.

Laiti tungejua. Kule msimu ule maji hayaingii kwa mvua, yanaingia na huo huo upepo. Wenyeji wote wanajifungia ndani mpaka upite. Sisi tulikuwa tunayaita maji yaje yakae juu ya magunia.

Laoban alirudi, akaja na mtu wa kubeba. Dada alikuwa amejifunga kitambaa kipya kichwani. Mimi siku hiyo sikwenda sokoni, nilitaka kuona furaha ya mtu, maana ya kwangu ilikuwa imeadimika. Yule bwana akatia mkono kwenye gunia la kwanza, akatoa fungu, akalibonyeza. Likabonyea. Akalinusa, akalivunja, ndani kuna utando wa kijani. Akatia mkono gunia la pili. La tatu. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu tu, na kila akitikisa Dada anakaa chini zaidi, mpaka akawa ameketi sakafuni kwenye maji.

Nikamkumbusha Dada kuna lile la chini ya kitanda. Sikungoja jibu, nikapiga magoti nikalivuta mwenyewe, nikafungua nailoni. Yalikuwa makavu kama siku aliyofika nayo. Laoban akachukua mawili, akayagonganisha, yakalia. Uso wake ukafunguka. Akasema haya anayachukua sasa hivi, na kwa kuwa yamekuwa adimu ataongeza kidogo.

Dada akasema hayauzwi.

"Umerogwa?" nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinikimbia. Nikarudia kwa lugha anayoielewa. Nikamwambia auze, agawie nyumba zote sawasawa, kidogo kidogo, angalau kila mmoja apate cha kuanzia. Nilidhani nimesema neno la busara la mwaka. Yule bwana naye alisubiri, akavuta sigara nzima mlangoni, kisha akaona hapa hapaeleweki, akaondoka na mtu wake.

Dada aliniambia hivi, na aliyasema bila machozi, kama mtu anayesoma bei: "Nikiwagawia watapokea, mdogo wangu. Watanishukuru sana. Halafu kila mtu akienda kwake atajiuliza kwa nini ya watu thelathini yalioza na yangu yakapona. Nitawaambia niliyaweka mahali pabaya. Wewe ungeamini?"

Nilitaka niseme ningeamini. Lakini kwetu nako watu tunao, nawajua. Mtu anarudi na mali za wenzake zimeharibika, yake nzima, ndani ya nailoni! Hata mama yangu mzazi angeguna.

Nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani: yeye, upepo, mama mwenye nyumba aliyeshindwa kutushika masikio akatuambia, au mnunuzi yule wa mjini kwao ambaye sasa angecheka. Nikamwambia, basi yatupe! Kama unataka kurudi mtupu, tupa, tulale. Nikajitupa kitandani na viatu vyangu. Nilikuwa nimechoka na soko, na jasho la kuta, na sasa nimechoka na yeye na heshima yake.

Hakuyatupa. Aliyaloweka, yaliwe, mradi yasiuzwe. Alitia gunia lake lote kwenye mabeseni, ya kwake, ya kwangu, na yale ya kufulia aliyoazima kwa mama mwenye nyumba, akawa anabadilisha maji asubuhi na jioni. Yakavimba. Vile vitu vilivyokuwa vigumu kama soli vikawa vinene, laini, vyeusi, vinateleza mkononi, mpaka mabeseni yakafurika. Katika siku hizo hizo alikuwa anachukua kidogo kutoka kila fungu lililooza, pamoja na utepe wake, anakunja kwenye gazeti. Ndiyo aliyokwenda nayo kwao, kila nyumba ione chake kwa macho. Mengine tuliyashusha wote wawili mpaka jalalani, ngazi baada ya ngazi.

Mama mwenye nyumba alipoona mabeseni nusura azimie kwa furaha. Kumbe kile ni chakula cha harusi na cha wakubwa! Alileta sufuria yake kubwa, tangawizi, vitunguu vya majani, akajifunga aproni na kuamrisha kila mtu. Nyumba nzima ilikula siku ile, wapangaji wote na nusu ya kichochoro, mchana kweupe, watu wamekaa kwenye ngazi na mabakuli yao wanavuta mchuzi kwa mdomo. Mzee mmoja mwenye duka la saa pale chini alirudia mara mbili. Walikuwa wanampigia Dada makofi, wanamwinulia kidole gumba, wanadhani ana sherehe. Mwenye nyumba akamkalisha kiti cha mbele kama bibi harusi, akamjazia bakuli kwa mkono wake.

Mimi nilipewa bakuli langu nikawa nalitazama. Majongoo kwetu hatuli, tunauza. Nikamnong'oneza, Dada, hiki kinaliwaje? Akasema hajui. Alianza kuyapasua akiwa mtoto wa kusimama juu ya ndoo, na kijiji kizima, hakuna hata mmoja aliyewahi kuyaonja. Nani ale kitu cha kuuzwa?

Akachukua kipande, akakitia mdomoni. Akatafuna kwa muda mrefu. Watu wote walikuwa wanamtazama, wanangoja asifie. Akameza.

"Hayana ladha," akaniambia. "Mdogo wangu, hayana ladha kabisa."

Na hapo ndipo alipolia, yeye ambaye hakulia mbele ya laoban wala mbele ya magunia. Alilia kwa sauti, bakuli mapajani. Mwenye nyumba akadhani ametia tangawizi nyingi mno, akakimbilia maji.