Unga wa Majani wa Saynab

Saynab Hared hakuwahi kuomba ruhusa ya kuwa na maoni, na mwaka ule wa 1967, yeye na wafugaji wenzake walipofungiwa ndani ya manyatta, kijiji cha serikali chenye ulinzi, pembeni mwa Garissa, hakuona sababu ya kuanza. Vita vya shifta vilikuwa vimemnyang'anya mifugo yote. Kilichobaki ni mgao: unga wa mahindi na maharagwe ya mkebe.

Maharagwe yenyewe hakuyachukia. Yalishibisha, yaliwapa watoto nguvu, na mkebe ulikaa miezi bila kuharibika. Dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati, mtu mpole kutoka Taita, aliyasifu kana kwamba ameyapanda mwenyewe. Lakini Kaaha, binti yake Saynab wa miaka sita, aliyala kila siku, na bado jua likizama tu alianza kupapasa ukuta wa kibanda. Mchana aliona vizuri. Ikifika magharibi hakumwona hata mama yake. Saynab aliogopa sana, maana alijua ugonjwa ule ukiachwa huishia kwenye upofu.

Alijua kwa sababu ya ng'ombe. Kiangazi kikizidi, ng'ombe aliyekosa majani mabichi hugonga miti jioni, hata akila nyasi kavu mpaka ashibe. Mvua ikinyesha akapata kijani, macho hurudi. Mtoto naye zamani angelishwa maini ya mbuzi, mambo yakaisha. Sasa mbuzi angetoka wapi?

Basi siku ya pasi, kibali cha kutoka kwenda mtoni kilichotolewa mara moja kwa wiki, aliwaomba wakulima wa ukingoni majani ya kunde. Kwa joto lile yasingefika siku ya pili, kwa hiyo ikabidi ayakaushe. Majirani walicheka. Kwao mbuzi ndiye mla majani, si binadamu. Batula wa kibanda cha pili alimuuliza kama anangoja kuota pembe. Saynab akamjibu kwamba zikiota, wa kwanza kuchomwa nazo atakuwa yeye.

Mara ya kwanza alikosea, tena kosa la mfugaji: aliyaanika juani, vile alivyozoea kukausha nyama. Yalikauka upesi, akayasaga, unga ukatoka wa rangi ya nyasi za kiangazi. Kaaha aliula wiki nzima na jioni zake hazikubadilika. Saynab aliutazama ule unga akajiona mjinga. Alikuwa amemlisha mwanawe nyasi kavu.

Majani yaliyofuata aliyatandaza kivulini ndani ya kibanda, akawa anayageuzageuza. Safari hii unga ulibaki kijani. Kila mlo alitia kijiko kimoja kwenye maharagwe ya Kaaha, na tone la samli aliyokuwa ameificha tangu walipohamishwa.

Dresa alipouona mchanganyiko huo alikunja uso.

“Mama, unaharibu chakula. Maharagwe yana kila kitu. Hayo majani yana nini?”

“Maharagwe iko na nguvu, mimi hapana kataa,” Saynab alisema. “Lakini nguvu hapana fungua macho ya mtoto. Wewe ngoja siku kumi.”

Siku ya kumi dresa alikuja mwenyewe, magharibi, akasimama mlangoni. Ndani kulikuwa na giza la kutosha, na Saynab alikuwa ameketi kimya kwenye kona, hakumwita mtoto. Kaaha aliingia kutoka nje, akavuka kibanda bila kunyoosha mikono, akaenda moja kwa moja hadi kwa mama yake.

“Hooyo,” alisema, “una unga shavuni.”

Saynab alimkumbatia akalia, na hakumwonea haya mgeni. Zahanati ilikuwa na watoto wengine kumi na mmoja waliopapasa kuta jioni, wote wakila maharagwe aliyowagawia dresa mwenyewe. Akauliza polepole unga uliobaki utatosha watoto wangapi.

“Wewe leta pasi ya kila siku,” Saynab akamwambia, “na hao watoto walete kesho.”