Mahindi Niliyoagiza kwa Mchezo

Kwanza ilikuwa honi, tena si honi ya bodaboda inayoomba njia, ni ile nene ya lori lililopanda mlima na mzigo, na ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka dirisha la darasa langu hata lango la chuo halikuonekana, wanafunzi wakageuza shingo wote kwa pamoja, na mimi (mwalimu wa ugavi, Mungu anisamehe) nikawaambia kwa madaha, "Tuendelee, hilo halituhusu." Jamani, lilinihusu mimi kuliko mtu yeyote aliyeamka Sumbawanga siku ile, na kila nikilikumbuka lile neno natamani ukungu ungebaki palepale usinyanyuke kamwe.

Lakini nisianzie langoni, nianzie kwenye wivu, maana wivu ndio ulioleta lori.

Chuoni tulikuwa walimu wawili wa ununuzi na ugavi, mimi na Mwalimu Restituta, na mkuu wa chuo alikuwa ametangaza kwamba mmoja wetu ataongoza idara mpya. Mimi mwenyeji, mtoto wa Mpui, nimezeeka na chaki za pale. Yeye kaja juzi na sanduku moja na sauti ya upole (sauti iliniudhi kuliko sanduku). Mimi nilifundisha kama nilivyofundishwa: nasoma, wanaandika, kengele inalia, tunaachana salama. Yeye akaja na mchezo. Alipanga madawati manne kama mnyororo, la mbele duka, nyuma yake muuzaji wa jumla, nyuma yake ghala, mwisho kabisa mkulima, punje za mahindi zikawa magunia, kila dawati linaagiza kwa lililo nyuma yake bila kuongea, na mteja akiongeza hitaji kidogo tu pale dukani, kila mmoja naye anaongeza kwa hofu ya kuishiwa, mpaka oda ikimfikia mkulima imevimba kama unga uliotiwa hamira. Wanafunzi walicheka, walibishana, na kibaya zaidi walielewa. Wakaanza kumwita "ticha wetu," mimi nikabaki "yule wa notisi."

Wivu wa mwalimu ni mbaya kuliko wa mke mwenza, kwa sababu huna hata wa kumsemea. Nikipita mlangoni pake nilikuwa nakohoa ili waache kucheka.

Basi mkuu akasema Alhamisi atakuja kukaa darasani kwangu, kwa Restituta ameshaona. Nikaamua: kama yeye ana punje, mimi nitamleta mkulima mwenyewe. Nikampigia baba mdogo Ludoviko kule Mpui ili aigize kwa simu. Sasa kwetu humpigii baba yako mdogo ukamvamia na shida yako. Nikamwamkia, nikauliza hali ya mama mdogo, na mgongo wa mama mdogo, na binti aliyeolewa Mwazye, na ng'ombe aliyezaa, na baridi, na kwaya, ndipo nikafika kwenye neno: "Baba, kesho nitakupigia nikiwa darasani, nitaagiza mahindi, wewe useme tu sawa." Akasema, "Sawa, mwanangu, Mungu ni mwema," na mtandao ukakata.

Neno mchezo nilikuwa bado sijalitamka. Kidole kilikuwa juu ya simu tayari kupiga tena, nikaona nitaanza upya na shikamoo, nitaomba radhi ya kukatika, na mama mdogo atapewa simu anieleze mgongo kwa mdomo wake. Nikasema, aah, mzee ataelewa tu.

Alhamisi ilikuwa tamu, nisiwadanganye. Mkuu amekaa nyuma na koti lake la sufu, mnyororo wangu umepangwa. Duka likaagiza magunia kumi, muuzaji wa jumla akaomba ishirini, na ghalani alikuwa kijana mmoja mwoga, Gaspari, akaona ishirini, akajifuta jasho katika baridi ile, akaandika mia moja. "Ticha, bora yazidi," akasema. Nikaweka simu kwenye spika, nikaagiza kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Mia moja?" Sauti ya baba mdogo ilitetemeka. "Kasiani, mwanangu, unasema kweli?"

"Kweli kabisa, baba. Chuo kinahitaji haraka."

Tukamsikia akimwambia mama mdogo pembeni, "Mama Nesto, mshukuru Mungu." Darasa likaangua kicheko. Mkuu akapiga paja lake: "Huyu mzee anaigiza kuliko wale wa kwenye runinga!" Nikamwona Restituta amesimama mlangoni, hacheki, anaitazama simu yangu, na moyo wangu ukacheza ngoma: nikadhani wivu umehama nyumba.

Ijumaa ndiyo ikaja honi. Ukungu uliponyanyuka, nikamwona baba mdogo ameshuka kwenye lori amevaa koti lake la kanisani. Mavuno yalikuwa mazuri na wanunuzi hawaonekani. Yake hayakufika mia, akajazia ya majirani, na majirani waliokosa nafasi wakafuata na trekta mbili zenye matela, kwa sababu habari ilishatangulia kwamba chuo kinanunua, tena haraka. Ile oda ilikuwa imetoka darasani kwangu ikaendelea kuvimba barabarani bila ruhusa yangu.

Mkuu akaja mbio, akaniambia mbele ya chuo kizima, "Mwalimu, waambie wazee ulikuwa mchezo."

Nikapanda kwenye tela. Nikawatazama wale wazee waliolala hawajala ili wawahi, nikamtazama baba mdogo anavyotabasamu. Nikasema (hapa ndipo ningeomba ardhi inimeze), "Wazee wangu, shikamooni. Kuna taratibu. Bodi ya zabuni lazima ikae kwanza."

"Ikae," mzee mmoja akajibu. "Sisi hatuna haraka." Wakakaa juu ya magunia, mama mmoja akafungua viazi vya kuchemsha, na Gaspari nyuma kabisa akapaza sauti, "Ticha, si nilisema bora yazidi?"

Chuo kilicheka mpaka wapishi wakatoka jikoni.

Ndipo Restituta akapita pembeni yangu, akaniuliza kwa chini, "Ulimwambia ni mchezo?" Nikamnong'oneza, "Simu ilikatika kabla." Akaenda mbele ya baba mdogo, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama anavyosalimu mtoto aliyelelewa kwetu Ufipa (kajifunza lini? Kwa nani?), akasema, "Baba, mwenzangu alikuwa anafundisha kwa kuigiza, simu ikakatika kabla hajakueleza. Hakuna bodi. Lakini mahindi yenu ni ya kweli, na leo darasa liko hapa."

Akawagawa wanafunzi: hawa mashine za kusaga, hawa shule za bweni, hawa maduka ya mtaa wa Kasense, wakamuulize kila mtu anahitaji kiasi gani hasa, asikisie wala asiongeze ya hofu. Wanafunzi wangu, wa kwangu kabisa, wakamkimbilia yeye. Mchana ulipogeuka lori lilikuwa tupu, ni tela moja tu lililorudi na mzigo, na mkuu alikuwa ameushika mkono wa Restituta hauachii. Idara ilipata kiongozi palepale langoni. Mimi nilikuwa nafagia punje, na tangu hapo nimeapa sitaagiza kitu kwa simu, hata chumvi, kabla sijataja kama ni kweli au utani, hata mtandao ukate mara ngapi.

Jioni baba mdogo akaingia ofisini kuaga. Nikaanza, "Baba, nisamehe, mtandao..."

"Mahindi yameuzika, sina kesi," akasema. "Majirani watanitania mpaka Pasaka, hilo nitalibeba. Ila siku nyingine ukitaka kucheza, mwanangu, tafuta wa rika lako."

Nikainamisha kichwa.

"Na yule binti mwenye adabu. Anafundisha tena lini?"

"Jumatatu, baba."

"Nenda ukakae darasani kwake. Kaa mbele, usikie vizuri."

Akavaa kofia, akatoka, akaurudisha mlango polepole mpaka ukajifunga, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.